Miradi ya sayansi Garsen ianzie mtoni, si dukani

Wazazi waliosomesha watoto katika miaka ya 1980 wangali wanaikumbuka michango ya karakana. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza Januari 1985, kwa kufuata mapendekezo ya jopo la Mackay la mwaka 1981, taifa liliambiwa kwamba mtoto wa shule ya msingi hana budi kujua kushika msumeno na mwiko kama anavyojua kushika kalamu. Harambee zikaitishwa, mawe yakasombwa, mabati yakanunuliwa. Karakana zikainuka, baadhi hadi kwenye linta, baadhi hadi kwenye paa. Lakini vifaa havikufika kwa wakati, walimu wa ufundi hawakutosha, na kufumba na kufumbua mwalimu akawa anaandika ubaoni hatua za kuunda kigoda ambacho hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyekiunda. Tume ya Koech iliporipoti mwaka 1999 ilieleza bayana kwamba mzigo wa masomo ulikuwa umepita kiasi, na mapitio ya mtaala ya mwaka 2002 yakaipunguza sana nafasi ya masomo hayo ya mikono katika shule za msingi.

Naikumbusha historia hii kwa sababu tumerudi pale pale, ijapokuwa kwa jina jipya. Mtaala wa umilisi unataka mwanafunzi wa Sekondari Msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, ajifunze sayansi kwa kutenda. Katika Sayansi Jumuishi, katika Kilimo na katika masomo ya maandalizi ya ufundi, mtoto anatakiwa kutambua tatizo lililo karibu naye, kubuni suluhisho, kuliunda, kulijaribu, kisha kulirekebisha. Huo ndio uhandisi, msomaji, hata kama hatuuiti hivyo. Wahandisi waliojenga Kindaruma mwaka 1968 na Masinga mwaka 1981 walifuata njia hiyo hiyo, ila wao walikuwa na saruji nyingi zaidi.

Wala jambo hili si la mapambo. Tathmini ya shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8 huchangia asilimia 20 ya alama za mwisho za Gredi ya 9, mtihani wa Gredi ya 6 huchangia asilimia 20 nyingine, na mtihani wenyewe wa Gredi ya 9 asilimia 60. Kundi la kwanza lililoingia Gredi ya 7 Januari 2023 lilifanya mtihani huo mwishoni mwa mwaka 2025, na likaingia Gredi ya 10 Januari 2026 likiwa tayari limegawanywa katika njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Serikali imetamka mara kadhaa kwamba ingependa takriban asilimia 60 ya wanafunzi wafuate njia ya sayansi. Basi tujiulize: katika asilimia hiyo, mtoto wa Tarasaa, wa Ngao, wa Idsowe au wa Kipini ataingia kwa mlango gani ikiwa shule yake haina maabara, na mradi wake wa sayansi ni kitu alichonunuliwa?

Neno "alichonunuliwa" nimelitumia makusudi. Nilipata fursa ya kuingia katika shule moja ya Garsen siku ambayo miradi ya wanafunzi ilikuwa imepangwa juu ya madawati, wazazi wakipita na kupiga makofi. Shule hiyo sitaitaja, maana ilichokifanya kinafanywa nchini kote. Kazi iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa kielelezo cha taa za kuongoza magari, za rangi tatu, zikiwaka kwa zamu kutoka kwa kisanduku kilichofungwa gundi. Garsen hakuna taa hata moja ya kuongoza magari; kinachosimamisha gari huko ni kundi la ng'ombe. Nilimuuliza mwenye mradi, binti wa Gredi ya 8, ndani ya kisanduku kile mna nini. Akanijibu kwa adabu na kwa ukweli kwamba hajui, kwa kuwa kakake alikileta kutoka Mombasa kikiwa kimeshafungwa. Nyuma yake, kwenye ukuta wa darasa, palikuwa na mstari wa tope la zamani ulionifika magotini. Hakuna mradi hata mmoja siku hiyo uliouhusu mstari ule.

Huo ndio msiba ninaotaka kuuzungumzia. Sidhani kuna wilaya nyingi katika nchi hii ambazo historia yake ni kitabu cha uhandisi kama Tana River. Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, na kila kizazi kilichoishi kando yake kimejaribu kuuelekeza. Katika karne ya 19 watu wa eneo la Witu walichimba kwa mikono mfereji wa Belazoni ili kuunganisha Tana na Mto Ozi. Maji yaliupenda mfereji huo kupita walivyotarajia wachimbaji. Yakaupanua mwaka baada ya mwaka hata mkondo mkuu ukahamia huko, na leo Tana inamwaga maji yake baharini Kipini. Somo zima la mteremko, kasi ya maji na mmomonyoko limo katika mfereji huo mmoja.

Hola nako kuna somo la pili. Mradi wa unyunyizaji wa huko una historia ya machungu: ni katika kambi ya Hola ambapo wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo tarehe 3 Machi 1959 walipokataa kulazimishwa kufanya kazi. Baada ya uhuru mashamba yaliendelea, pamba ikalimwa, hadi mwaka 1989 mto ulipobadili njia yake na kuziacha pampu zikitazama mchanga. Kilimo kikafa kwa miaka mingi kwa sababu ya jambo ambalo mtoto wa miaka kumi na minne anaweza kuonyeshwa kwa sinia la udongo na jagi la maji: mto unapopinda, ukingo wa nje huliwa na ukingo wa ndani hujazwa mchanga, na kona ikizidi kukunjamana, siku moja maji hukata njia ya mkato. Bura walitegemea pampu za dizeli, gharama zikawashinda. Na hapo Gamba, mwendo mfupi kutoka Garsen, mashamba ya mpunga ya TARDA yaliyojengwa kwa msaada wa Japani yalikingwa kwa tuta refu la udongo; mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998 yakalibomoa.

Mtaalamu aliyetoka mbali anaweza kusamehewa kwa kutoujua mto. Mtoto aliyezaliwa ukingoni mwake naye akishatoka shuleni bila kuujua, hapo patakuwa na swali la kuulizwa wakubwa.

Hebu sasa nieleze mradi ambao ningependa kuuona juu ya dawati lile. Sijaubuni mimi, ni njia ya zamani ya wapimaji wa maji duniani kote. Mwalimu huwapeleka wanafunzi kwenye mfereji wa shamba, wala si mtoni kwenye mamba na viboko. Wanasimika fito mbili ukingoni, baina yake mita 10. Wanatupa kitu kinachoelea nusu nje nusu ndani ya maji, kwa mfano embe bichi dogo au chungwa, na mmoja anahesabu sekunde kwa saa ya simu. Ikichukua sekunde 25, kasi ya maji ya juu ni mita 0.4 kwa sekunde. Kisha wanapima upana na kina: tuseme upana ni mita 2 na kina ni nusu mita, basi eneo la mkato wa mfereji ni mita moja ya mraba. Hapo mwalimu anawauliza swali linalotenganisha kukariri na kufikiri: je, maji ya chini, yanayosuguana na udongo, huenda kwa kasi ile ile ya maji ya juu? Watajaribu, watabishana, watagundua kwamba hapana. Ndipo atakapowaambia kwamba wapimaji hupunguza kasi ya juu hadi takriban asilimia 85 ili kupata wastani. Jibu linakuwa mita za ujazo 0.34 kwa sekunde, yaani lita 340, au mitungi 17 ya lita 20 katika kila sekunde inayopita. Mtoto ambaye mamake hubeba mtungi mmoja kichwani kutoka mtoni hatalisahau hesabu hilo.

Gharama ya mradi huo ni embe moja.

Au wachukue masanduku matatu ya mbao na wajenge matuta matatu: la kwanza kwa mchanga wa mtoni, la pili kwa udongo mweusi wa mfinyanzi, la tatu kwa mchanganyiko wa udongo na nyasi zilizokatwa. Wamwage maji upande mmoja na wangoje. Tuta la mchanga litavuja kabla maji hayajafika kileleni. La mfinyanzi litasimama, lakini likikaushwa juani siku tatu litapasuka, na maji ya pili yatapita kwenye nyufa. Watajifunza vilevile kwamba tuta lenye mteremko wa pole hudumu kuliko lile lililosimama wima, na kwamba maji yakishapita juu ya tuta la udongo, hata kwa unene wa kidole, mwisho wake umefika. Baada ya hapo wapelekwe Gamba wakaone kwa macho yao ukubwa wa kitu walichokijenga kwa kijiko.

Hapa pana jambo ambalo wanaotunga vigezo vya kutathmini miradi wanapaswa kulitazama upya. Kazi ya mtoto hupimwa kwa ngazi nne, kuanzia chini ya matarajio hadi kuzidi matarajio. Kwa macho ya walimu wengi, na ya wazazi karibu wote, tuta lililobomoka ni mradi ulioshindwa, ilhali taa za rangi tatu kutoka Mombasa ni mradi uliofaulu. Maadamu hali ni hiyo, mtoto mwenye akili ataepuka kujaribu jambo lolote asilokuwa na hakika nalo, na mzazi mwenye fedha atakwenda dukani. Ningependa kuona alama zikitolewa kwa daftari kwanza, chombo baadaye: mtoto alidhani nini, alifanya nini, alipata nini, akabadilisha nini. Daftari la namna hiyo haliuzwi dukani.

Wapo watakaonikumbusha habari za William Kamkwamba wa Malawi, kijana aliyejenga tiba ya giza nyumbani kwao, kinu cha upepo cha kuzalisha umeme, kwa vyuma chakavu mwaka 2002. Mfano huo hutajwa sana na maafisa wanaotaka kutuaminisha kwamba shule maskini haihitaji chochote ila bidii. Mimi nausoma vingine. Kijana yule alikuwa ameacha shule kwa kukosa karo wakati wa njaa, na kilichomwokoa ni maktaba ndogo ya kijijini yenye kitabu cha nishati ndani yake. Bidii alikuwa nayo. Kitabu mtu mwingine alikileta. Shule ngapi za Tana Delta zina kitabu hicho?

Swali hilo linanileta kwa mwalimu. Japani ilitusaidia kuanzisha mwaka 1998 mpango wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi, na sehemu ya mafunzo yake ilikuwa ni namna ya kuunda vifaa kwa vitu vilivyopo. Mpango ule uliwalenga hasa walimu wa shule za upili. Sekondari Msingi, kwa pendekezo la jopo la Profesa Raphael Munavu, iliwekwa ndani ya shule za msingi, na wengi wa walimu wake wa mwanzo wakaajiriwa kama vibarua wa mafunzoni. Mahakama ya ajira ilitamka Aprili 2024 kwamba utaratibu huo haukuwa halali, na mwezi uliofuata walimu hao wakagoma. Mwalimu mmoja aliyesomea historia na dini hujikuta akifundisha Sayansi Jumuishi, Hisabati na Kilimo kwa madarasa matatu. Umwambie apeleke watoto 60 mferejini, atakuuliza ni nani atakayebaki na madarasa mawili mengine. Ana haki ya kuuliza. Akitokea mbali, yaelekea pia barua yake ya kuomba uhamisho imo mezani kwa mtu.

Serikali hutenga shilingi 15,042 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa Sekondari Msingi. Kwa shule ya mjini yenye mamia ya watoto, fedha hizo zikija kwa wakati, hujenga kitu. Kwa shule ya kijiji cha Delta yenye watoto 50 katika gredi zote tatu, ni shilingi 752,100, na humo mna kila kitu kuanzia chaki hadi jengo. Shule hiyo haitajenga maabara karne hii.

Lakini karakana zipo, na hapa ndipo ninapowaomba wakubwa wa Hola na wa Nairobi wanisikilize kwa makini. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa serikali ya kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na za upili zikabaki kwa serikali kuu. Matokeo yake ni kwamba jiliwa, mashine ya kuchomelea na fundi anayejua kuzitumia viko chini ya serikali moja, na mtoto anayevihitaji yuko chini ya nyingine. Aghalabu ni ukuta au barabara tu inayowatenganisha. Tuliona mwaka 2025 jinsi suala hili linavyoweza kuwa chungu, pale Msimamizi wa Bajeti alipozitaka kaunti ziwe na makubaliano rasmi na serikali kuu kabla ya kutoa basari, na watoto wakakaa nyumbani wakingoja mawakili. Kifungu cha 187 cha Katiba kinaruhusu serikali hizo mbili kukabidhiana majukumu kwa makubaliano. Makubaliano ya kurasa mbili, yanayoifungulia Sekondari Msingi milango ya chuo cha ufundi kilicho karibu siku moja kwa wiki, hayahitaji harambee wala jiwe la msingi la kuzinduliwa.

Faida nyingine siitaji kwa wepesi. Mnamo Agosti 2012 zaidi ya watu 50 waliuawa kijijini Riketa katika siku moja, wengi wao wanawake na watoto, na mapigano baina ya Wapokomo na Waorma yakaendelea hadi mwaka uliofuata. Siasa ilikuwamo, bunduki zilikuwamo. Chini yake lakini palikuwa na ugomvi wa tangu zamani juu ya maji na ardhi: malka ambazo ng'ombe hupitia kwenda kunywa, na mashamba yanayozifunga. Sisemi kwamba fito mbili na embe vitaleta amani; nimeishi muda wa kutosha kuona warsha za amani zikija na kuondoka na mikoba yake. Nasema tu kwamba mtoto wa mkulima na mtoto wa mfugaji waliopima pamoja ni lita ngapi zinazopita malka fulani katika mwezi wa Februari wana angalau nambari moja wanayokubaliana.

Nirudi kwenye mstari wa tope. Bwawa la Masinga hujaa maji yafikapo mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, na kila mvua zinapozidi, kama ilivyokuwa Novemba 2023 na tena Aprili na Mei 2024, redio hututangazia nambari hiyo na kuwataka watu wa chini ya mto wahame. Aprili ile ya 2024 mashua ilizama karibu na Madogo na roho zikapotea; barabara ya kutoka Minjila kwenda Lamu ikakatwa kwenye eneo la Gamba. Mama wa Garsen anayesikia "mita 1,056.5" hajui kama maji yatafika kizingitini, au kitandani, au hayatafika kabisa, na kama ni kesho au baada ya juma zima. Hakuna anayemfasiria.

Ubao wa mbao wenye alama kwa sentimita, uliosimikwa kwenye ukingo ulio salama na kusomwa kila asubuhi na zamu ya wanafunzi wawili, unaweza kumfasiria. Upande mmoja wa daftari waandike kimo cha Masinga kama kilivyotangazwa. Upande wa pili, kimo cha maji Garsen. Katikati, idadi ya siku zilizopita baina ya kupanda kwa kimoja na kupanda kwa kingine. Masika moja na vuli moja havitoshi. Baada ya misimu minne watoto wa Gredi ya 9 watakuwa na jedwali, na chifu anaweza kuja kuliangalia. Kwa hesabu hiyo Wizara haihitaji kununua kitu zaidi ya ubao na rangi. Inachohitaji ni kumwambia TSC asimhamishe mwalimu wa sayansi wa shule hiyo kabla ya miaka miwili kwisha, na kumpa sababu ya kutaka kubaki.